Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo: faiba ipo, saini zenu ndizo hazipo

Kwa:
Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu,
Wakuu wa Vyuo,
Wajumbe wa Kamati ya Pamoja ya TEHAMA.

YAH: KUCHELEWESHWA KWA MTANDAO WA PAMOJA WA VYUO NA VYUO VIKUU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa mtandao katika mojawapo ya vyuo mnavyoviongoza. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Mapendekezo yetu yalipita kwa wakuu wa idara, yakafika kwenye kamati, kamati ikayapokea "kwa ajili ya kufanyiwa kazi", na huko ndiko yaliko hadi leo. Wenzangu wa vyuo vingine wamepigwa danadana ileile. Sisi mafundi hatuna ugomvi: ramani ya mtandao tumeshaichora, mgawanyo wa anwani tumeshaupatana, na vyumba vitakavyowekwa ruta, yaani vifaa vinavyoielekeza data njia, vinajulikana. Faiba, yaani nyaya nyembamba za kioo zinazobeba data kwa mwanga, imeshafukiwa kati ya kampasi nyingi, na sehemu kubwa yake haijawahi kuwashwa tangu ilipofukiwa. Kinachokosekana ni saini zenu kwenye hati ya makubaliano.

Naziheshimu nafasi zenu na najua mambo mengi yanagombea meza moja. Hata hivyo, hili limesubirishwa kupita kiasi, na wanaoumia ni wanafunzi ambao hawatapata mwaka mwingine wa pili wa masomo ili wangoje tumalize vikao.

Kabla ya malalamiko, naomba mtazame jambo moja kwa karibu. Vyuo viwili kati ya vyetu vinatenganishwa na ukuta. Mtu wa huku akipaza sauti, wa kule anaitika. Nilikaa kwenye kompyuta ya upande mmoja nikafuatilia njia ya pakiti za data zinazokwenda kwenye seva ya maktaba iliyo upande wa pili. Skrini ikaanza kuziorodhesha ruta mstari kwa mstari: ruta ya chuo, ruta ya mtoa huduma wake, kisha ruta za bara jingine, moja baada ya nyingine, kisha mtoa huduma wa chuo jirani, na mwisho kabisa ile seva. Kwenda na kurudi, zaidi ya milisekunde 300. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita moja huikatiza kwa mikrosekunde 5. Kwa umbali wa ukuta ule, jibu lilipaswa kurudi kabla milisekunde moja haijaisha. Lakini vyuo hivi vimenunua intaneti kwa kampuni mbili ambazo hazibadilishani data hapa karibu, kwa hiyo kitabu cha kidijitali anachofungua mwanafunzi kutoka ng'ambo ya ukuta kinavuka bahari mara mbili, na vyuo vyote viwili vinailipia safari hiyo.

Sasa niyaeleze malalamiko yetu.

1. Kila chuo kinajinunulia intaneti kivyake. Chuo kikubwa kinapata bei ya afadhali, cha kati kinapata bei ya kuumiza, na kidogo kinachukua kilichobaki. Tungeingia sokoni kama mteja mmoja, kampuni ndizo zingetufuata. Tena tusingehitaji hata kununua jumla ya kasi zote tunazolipia leo, kwa sababu vyuo havielemewi vyote kwa saa ileile. Chuo cha mchana hupumua jioni, wakati chuo cha watu walioajiriwa ndiyo kwanza kinafungua madarasa. Hawa wakiwa kwenye mitihani, wale wako likizo, na laini waliyoilipia mwaka mzima inakaa tupu huku ya jirani imejaa hadi mfumo wa usajili unakwama. Laini kubwa ya pamoja ingembeba huyu anapoelemewa kwa nafasi aliyoiacha yule.

Ndani ya hili kuna jambo ambalo huwa halifiki mezani kwenu kwa kuwa linaonekana ni la kifundi. Anwani za intaneti tunazotumia ni za kampuni zinazotuhudumia. Chuo kikihama kampuni, anwani zinabaki huko, nasi tunaanza kubadilisha seva moja baada ya nyingine: ya ada, ya matokeo, ya barua pepe. Majarida ya kitaaluma tunayoyalipia hututambua kwa anwani hizohizo, kwa hiyo maktaba inafungiwa nje mpaka kila mchapishaji aandikiwe upya. Kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana mkataba unapokwisha mazungumzo ya bei huwa mafupi sana. Mtandao wa pamoja ungekuwa na anwani zake wenyewe, na namba yake wenyewe ya kujitambulisha kwa mitandao mingine ya dunia. Kubadilisha mtoa huduma kungekuwa kazi ya usiku mmoja, na asubuhi mwanafunzi asingejua kwamba kuna kilichobadilika. Wanaopoteza uhuru huo ni ninyi mnaosaini mikataba.

2. Watafiti wetu wanasafirisha data kwenye mikoba. Maabara ya vinasaba vya mimea iko chuo kimoja, kompyuta zenye nguvu ya kuchambua matokeo yake ziko chuo kingine. Terabaiti moja ikipitishwa kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, hata kama hakuna mtu mwingine anayeigusa laini hiyo, inachukua zaidi ya siku 9. Kwenye laini ya gigabiti 1 ni saa 2 na dakika kama 13. Kwenye gigabiti 10 ni dakika 13. Mtafiti akishapiga hesabu hiyo ananunua diski, anaizungushia taulo, anapanda gari. Mmoja aliifungua taulo hiyo mbele yangu, akachomeka diski, ikatoa mlio wa kugongagonga na haikusomeka. Zilikuwa data za msimu mzima wa mazao, na msimu ulikuwa umeshapita. Nakala aliyobaki nayo ilikuwa ya nusu ya kazi, kwa sababu kuhifadhi nakala kwenye seva ya chuo kingine kungehitaji laini ileile ambayo hana.

Naomba hili lieleweke vizuri: kasi ya kampasi kwa kampasi hainunuliwi nje ya nchi. Faiba ikishawashwa, kutoka gigabiti 1 kwenda gigabiti 10 ni suala la vifaa vinavyokaa kwenye ncha zake mbili. Udongo hauchimbwi tena.

3. Rasimu ya sasa ya hati ya makubaliano inavifungia nje vyuo vidogo. Inataka kila mwanachama alipe kiingilio sawa na aje na laini yake hadi kituo kikuu. Chuo cha ualimu au cha uuguzi chenye wanafunzi mia chache hakiwezi. Wapo waliolitatua hili zamani kwa njia rahisi ajabu. Mwaka 1981, City University of New York na Yale walianzisha mtandao ulioitwa BITNET. Chuo kilichotaka kujiunga kilikodi laini hadi kwa mwanachama aliye karibu nacho, kisha nacho kikakubali kuwa mlango wa angalau chuo kimoja kitakachofuata. Kwa kanuni hiyo mtandao ule ulienea hadi nje ya Marekani bila kituo kimoja kubebeshwa gharama ya wote. Sisi tuna faiba mahali ambapo wao walikuwa na laini za simu zilizokodiwa, na bado tunamwambia chuo kidogo akatafute njia yake mwenyewe.

4. Mhadhiri anayefundisha vyuo viwili anabeba nywila mbili, na mwanafunzi aliyekwenda kusoma kwenye maktaba ya chuo kingine hapati Waifai kabisa. Mfumo wa eduroam, ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, sasa uko katika nchi zaidi ya 100. Mtu anafika chuo asichokijua, anafungua kompyuta, na inaunganishwa. Nywila yake inahakikiwa na chuo chake mwenyewe. Chuo mwenyeji hakiioni. Hauhitaji faiba mpya, unahitaji vyuo vilivyokubali kuaminiana kwa maandishi.

5. Ujuzi unaondoka na mtu mmoja. Vyuo vingi vina fundi mmoja au wawili wa mtandao. Huyo akiugua, akiolewa mbali au akipata kazi yenye mshahara mzuri, chuo kinabaki na ruta ambayo hakuna anayejua nywila yake. Nimeitwa usiku kwenda kusaidia chuo kisicho changu, bila barua wala ruhusa, kwa sababu matokeo yalitakiwa kutangazwa asubuhi. Nilikwenda kwa kuwa fundi wa pale ni mwenzangu. Ila vyuo havipaswi kuendeshwa kwa urafiki wa mafundi. Kituo kimoja cha uangalizi, chenye zamu za usiku na mchana kwa ajili ya vyuo vyote, kingegharimu kila mmoja wetu kipande kidogo cha mshahara wa fundi mmoja.

6. Hakuna mwenye mtandao huu. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Kamati ya Pamoja inabadilisha mwenyekiti, mwenyekiti mpya anaomba apewe muda wa kulielewa suala, akishalielewa muda wake umekwisha. Kamati haina akaunti, haina mwajiriwa, haiwezi kusaini mkataba wala kushtakiwa. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kumiliki hata swichi moja ya mtandao.

Waliofanikiwa walianzia hapo. Mwaka 1966, vyuo vikuu vitatu vya jimbo la Michigan, yaani University of Michigan, Michigan State na Wayne State, viliunda chombo chao cha pamoja kilichokuja kuitwa Merit, kabla havijawa na chochote cha kuunganishia. Teknolojia yenyewe ilibidi waiunde, na kompyuta za kwanza mbili ziliunganishwa Desemba 1971. Baadaye, mwaka 1987, chombo hicho cha vyuo ndicho kilichokabidhiwa kujenga na kuendesha uti wa mgongo, yaani njia kuu, wa NSFNET, mtandao wa vyuo na watafiti wa Marekani, kwa kushirikiana na kampuni za IBM na MCI, na mwaka 1988 uti huo ulikuwa ukienda kwa megabiti 1.5 kwa sekunde. Uingereza iliviunganisha vyuo vyake chini ya mtandao wa JANET mwaka 1984. Kenya ilianzisha mtandao wake wa vyuo, KENET, mwaka 1999, Afrika Kusini TENET mwaka 2000. Mwaka 2005 mitandao ya vyuo ya mashariki na kusini mwa Afrika iliunda UbuntuNet Alliance, ili hata kuvuka mipaka isiwe kila nchi na lake. Nchi hizi zinatofautiana kwa utajiri na kwa ukubwa. Zote zilikuwa na chombo maalumu, chenye watu wa kulifanya jambo hili tangu asubuhi hadi jioni.

Najua majibu mtakayonipa, kwa kuwa tumeshayasikia.

Mtasema fedha hazipo. Fedha zipo na zinatumika kila mwezi, kwenye mikataba ya kila chuo kivyake. Tumeomba takwimu za mikataba hiyo tuzijumlishe tuwaonyeshe, tukaambiwa ni siri ya kibiashara. Vyuo vya umma vinavyoficha kiasi vinacholipia intaneti vinamlinda muuzaji dhidi ya wanunuzi. Wekeni mikataba yote kwenye meza moja kwa siku moja tu, halafu mtuambie fedha hazipo.

Mtasema usalama: kwamba chuo kimoja kikivamiwa wote wataambukizwa. Hofu hiyo naielewa, ila tumeshaunganishwa. Tumeunganishwa kupitia intaneti ya dunia nzima, bila mtu wa kutuangalizia. Novemba 1988, programu iliyoachiwa na mwanafunzi mmoja ilizidhoofisha kompyuta nyingi za vyuo vikuu vya Marekani. Wapo waliojitenga na mtandao kwa muda, lakini jibu la kudumu halikuwa kukata nyaya. Mwezi huohuo kilianzishwa kituo cha kuratibu dharura za namna hiyo katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, ili aliyegundua dawa awafikishie wengine. Kwenye mtandao wa pamoja kila chuo kitabaki na ulinzi wake mlangoni. Kitakachoongezeka ni jicho linaloona shambulio likianza kwa jirani na kuwaonya wengine kabla halijawafikia. Leo jirani akishambuliwa, nasikia wiki mbili baadaye kwenye msiba au harusi.

Mtasema vyuo vikubwa vitawabeba wadogo na laini itajaa. Kujaa kunawezekana, tena kumewahi kutokea vibaya. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha California pale Berkeley, sehemu zilizoachana kwa mita zisizofika 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson na Michael Karels walichunguza, wakakuta kila kompyuta inarudia kutuma pakiti kwa pupa pale njia ilipokuwa imeshajaa. Wakarekebisha namna kompyuta zinavyopunguza mwendo, na marekebisho yao yakawa msingi wa jinsi kompyuta za dunia nzima zinavyopishana hadi leo. Kujaa ni tatizo linalopimwa na kurekebishwa na watu waliopewa kazi hiyo. Kuhusu nani ambebe nani, sisi mafundi tulipendekeza ada ipangwe kwa idadi ya wanafunzi pamoja na kasi anayochukua mwanachama. Hakuna aliyewahi kutuambia kasoro ya pendekezo hilo.

Mtasema tusubiri wafadhili au serikali. Mfadhili gani atampa fedha mtu asiye na akaunti? Nimeshaeleza kamati ilivyo.

Na wapo wanaosema wanafunzi wana simu zao, wanunue bando. Naomba kauli hii isirudiwe tena na mtu yeyote mwenye dhamana ya elimu. Mwanafunzi tumemtoza ada, tumemwekea masomo kwenye mfumo wa mtandaoni, tumemwambia kazi asipoipakia kabla ya saa sita usiku atapata sifuri. Halafu njia ya kuufikia mfumo huo ajinunulie mwenyewe kwa fedha yake ya chakula? Kila usiku wanafunzi wanajibanza kwenye ngazi nyuma ya jengo la utawala kwa sababu ndipo Waifai ya ofisi inapovuja. Wengine wanaandika tasnifu zao pale, kompyuta ikiwa mapajani. Mlinzi wa zamu ameacha kuwafukuza. Mimi ndiye ninayeweza kuizima Waifai ile, nimeagizwa niizime, na sijaizima.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba mambo manne, na tunaomba yafanyike kabla bajeti ya mwaka ujao wa fedha haijafungwa:

Kwanza, msaini hati ya makubaliano ya kuunda chombo cha pamoja chenye hadhi ya kisheria, kinachomilikiwa na vyuo wanachama, chenye bodi ambamo vyuo vidogo vina viti vya kudumu na mafundi wana angalau kiti kimoja chenye kura.

Pili, kila chuo kiikabidhi bodi hiyo nakala ya mkataba wake wa intaneti na tarehe unapokwisha, na kisisaini mwingine wa miaka mingi kabla bodi haijakaa. Hili halina gharama yoyote na linaweza kuanza kesho.

Tatu, faiba ambayo tayari iko ardhini iwashwe kati ya kampasi zilizo tayari, bila kusubiri zote. Vianze vile vyuo viwili vya ukutani. Tunahitaji ruhusa ya kupitisha kebo kwenye ukuta na swichi mbili ambazo ziko stoo, ndani ya maboksi yake. Kanuni ya mwanachama kumfungulia mlango anayefuata iandikwe kwenye hati tangu mwanzo.

Nne, kiajiriwe kikosi kidogo cha kudumu cha uangalizi, na eduroam iwe kazi yake ya kwanza, kwa kuwa matunda yake yataonekana na kila mwanafunzi siku ileile itakapowashwa.

Mkiona kuna kosa katika takwimu au hoja zangu, naomba mnijibu kwa maandishi, hadharani kama nilivyoandika, ili na wenzangu wajifunze. Mkitaka tuje kueleza, tutakuja wote, siku na saa mtakayopanga, na ramani tunayo.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika utumishi,
Msimamizi wa mtandao wa chuo,
kwa niaba yangu na ya mafundi wa vyuo wanachama watarajiwa.

Nakala:
Wakurugenzi wa TEHAMA wa vyuo vyote;
Wakutubi Wakuu;
Serikali za wanafunzi;
Wizara yenye dhamana ya elimu ya juu.